Mwelekezi si mbeba mkoba

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tabora, natembea kwa magongo. Wanafunzi wenye ulemavu tunaofahamika tuko saba: wanne wana uoni hafifu, wawili kati yao wana ualbino, mmoja haoni kabisa, mmoja ni kiziwi, na mimi. Mwaka jana serikali ya wanafunzi ilimpa kila mmoja wetu 'rafiki' asiye na ulemavu wa kumsaidia. Kufika muhula wa pili marafiki wote walikuwa wameyeyuka. Sasa nimeambiwa nianzishe utaratibu mwingine, wenye ulemavu waliotangulia wawaelekeze wanaoingia. Tuanzie wapi? Kiziwi atamwelekezaje asiyeona? Na huyo asiyeona yuko mwaka wa kwanza, hatoki chumbani ila kwenda darasani na kurudi. Naogopa ataacha chuo."

Marahaba, mwanangu. Nianze na hao marafiki walioyeyuka, maana ukiwaelewa wao nusu ya swali lako imejibika.

Hawakuwa watu wabaya. Walipewa kazi isiyo na mwisho. Mtu anaambiwa "msaidie mwenzako", haambiwi amsaidie nini, saa ngapi, mpaka lini. Asubuhi amshike mkono hadi darasani, aandike noti mara mbili, aende naye kantini, aende naye steshenari, jioni amsomee kwa sauti. Wiki tatu za kwanza anafanya kwa moyo mmoja. Yakija majaribio, na yeye ana kozi weki zake, simu zinaanza kuita bila kupokelewa. Yule aliyekuwa akisaidiwa anabaki palepale alipokuwa siku ya kwanza, ila sasa na kinyongo juu yake.

Mlipewa wasaidizi mkadhani mmepewa waelekezi (mentori, kama wengine wanavyowaita siku hizi). Ni kazi mbili. Msaidizi anakufanyia jambo. Mwelekezi amewahi kukwama ulipokwama wewe, na anakuonyesha alivyojinasua.

Nilijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Uoni wangu ulikwisha nikiwa kidato cha tatu. Chuo nilichokwenda baadaye, mbali na hapa, kilinipa kijana wa kuniongoza, mkarimu kwelikweli. Miezi mitatu nilipita njia ya bwenini hadi ukumbi wa mitihani nimeshika kiwiko chake, tunapiga soga za mpira. Asubuhi ya mtihani wa pili kijana akaamka na malaria. Nikasimama mlangoni na fimbo yangu nyeupe mkononi, njia niliyoipita zaidi ya mara mia, nisijue nianze kushoto au kulia. Nilifika nimechelewa dakika arobaini, nimeletwa na mpishi. Msimamizi akaniambia muda wa ziada hupewa walioomba kwa maandishi. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna kuomba. Somo lile nililirudia, kwa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Jumamosi iliyofuata alikuja bwenini mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naye haoni, ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nikimsikia tu akicheka kantini. Hakunipa pole. Alisema, "Chukua fimbo, twende." Tulimaliza asubuhi nzima kwenye njia ya dakika sita. Alinisimamisha pale changarawe inapokoma na saruji kuanza, akasema gonga. Haya, gonga tena. Mfereji uko kushoto, ukisikia mlio wa fimbo umekuwa mtupu ujue umeukaribia. Mwembe utaujua kwa ubaridi wa kivuli kabla hujaujua kwa harufu. Jikoni moshi unakuja na upepo kuanzia saa nne, lakini siku ya mvua usiuamini. Kisha akanirudisha mwanzo, akaniacha, akatangulia kunisubiri mwisho wa njia. Nilipotea mara mbili. Alinisikia nikipotea, akanyamaza.

Yule kijana wa mwanzo asingeweza kunifundisha vile hata angetaka. Njia ile aliijua kwa macho, hakuijua kwa fimbo. Na upole wake usingemruhusu kunisikia napapasa mfereji asije mbio.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1962 kijana mmoja wa Marekani aitwaye Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa na miaka 14 na aliyelala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Hapakuwa na bweni la kumfaa, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Baada yake wakaja wengine wenye ulemavu mkubwa, wakaishi humohumo, na waliotangulia wakawa wanawafundisha waliofuata: namna ya kumwajiri msaidizi na kumwachisha kazi, namna ya kuzungumza na mkuu wa chuo, namna ya kutengenezesha kiti mwendo kilichoharibika. Mwaka 1970 wakapata ofisi yao ndani ya chuo ya kuhudumia wanafunzi wenye ulemavu, na mwaka 1972 kikazaliwa kituo cha kwanza cha maisha ya kujitegemea kwa watu wenye ulemavu mjini kwao. Tazama walivyoweka mambo: msaidizi alikuwepo, tena analipwa, lakini mwenye maisha ndiye aliyemwagiza.

Sasa nyinyi saba.

Usianze kwa kupanga jozi. Anza kwa kuwakalisha watu pamoja, mara mbili au tatu, chini ya mti au popote ambapo magongo yako na fimbo ya mwenzako vinafika bila ngazi, na kila mmoja aseme alipokwama mwaka wake wa kwanza na alivyotoka. Mwache mmoja aandike. Utashangaa orodha itakavyokuwa. Mmoja atasema alikaa wiki sita hajui kwamba mhadhiri anaweza kumtumia slaidi kabla ya kipindi. Mwingine atasema alihama hosteli kwa sababu ya choo. Orodha hiyo ndiyo mtaala wenu, na haipatikani kwenye semina yoyote.

Katika mazungumzo hayohayo utawaona waelekezi wako. Watu wengi wangeshauri umchague mwenye GPA ya juu. Mimi namtafuta aliyewahi kupata sapu akainuka, au aliyegombana na ofisi akashinda bila kutukana mtu. Aliyefaulu siku zote mara nyingi hajui alifauluje. Na mtu anayependa sana kuonekana anasaidia, yule wa kupiga picha na mwenzake na kuituma kwenye makundi, mpe kazi nyingine. Kazi hazikosekani.

Kuhusu nani aende na nani: ulemavu unaofanana ni bora pale panapohusu mwili na vifaa. Fimbo hufundishwa na mwenye fimbo, Lugha ya Alama na mwenye kuizungumza. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya chuo haihusu hayo. Inahusu kuomba, kufuatilia, kukataliwa na kurudi tena, na hapo wewe mwenye magongo unaweza kumwelekeza yeyote. Hata kiziwi na asiyeona si jozi ya ajabu. Kiziwi anaandika ujumbe, simu ya mwenzake inausoma kwa sauti. Asiyeona anazungumza, kibodi ya simu inayoandika kwa sauti inafahamu Kiswahili, na mwenzake anasoma. Inachosha, na kibodi hukosea majina ya watu vibaya sana, lakini kwa mambo ya kozi inatosha.

Huyo kiziwi wenu ndiye ananitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa yuko peke yake wa aina yake. Kwa viziwi wengi Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza na Kiswahili cha kuandika ni cha pili, kwa hiyo msidhani kumwandikia karatasi kunamaliza kila kitu. Anahitaji mkubwa wa kuzungumza naye kwa mikono bila kujikunja, hata kama si mwanafunzi. Bahati yenu mko Tabora. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa mjini humo mwaka 1963, na shule ya wasioona ya Furaha nayo iko hapohapo. Mji wenye shule hizo haukosi watu wazima viziwi na wasioona waliosoma, wanaofanya kazi, wenye familia. Waulizie kwa walimu wa shule hizo, au kupitia Chama cha Viziwi (CHAVITA) na Chama cha Wasioona. Mkubwa mmoja anayekubali kuzungumza kwa video mara moja kwa wiki mbili atamfaa kuliko marafiki watano wanaojua kuashiria "habari" na "chakula". Na hao wa ualbino, kama wana mdogo (mwanafunzi mpya wa kuelekezwa) anayekuja kutoka upande wa Kasulu, ambako shule ya Kabanga imelea watoto wengi wenye ualbino, huenda wakawa wanafahamiana kabla hata ya kufika.

Hapo ndipo kazi ianzie: kabla ya kufika. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, mwelekezi ampigie simu anayekuja. Mtu anayesafiri kutoka Kigoma au Mpanda, hajawahi kukanyaga Tabora, ana hofu ambazo fomu ya kujiunga haizijui. Atashukia wapi na saa ngapi, na nani atampokea kama ni usiku? Bweni lina ngazi ngapi? Choo kiko umbali gani? Maji yanachotwa au yanatoka bombani? Je, aje na mashine yake ya nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, au ipo? Simu ya dakika ishirini inapunguza wiki mbili za mahangaiko. Na kama bado anaomba mkopo, mwambie mapema kwamba Bodi ya Mikopo inataka ulemavu wake uthibitishwe kwenye fomu na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Nimewaona wakikosa si kwa kukosa sifa bali kwa kukosa mhuri.

Akishafika, kutaneni kila wiki muhula wa kwanza, saa moja inatosha, kisha mpunguze. Wiki mbili za mwanzo, jaribio la kwanza, pale bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) linapochelewa, na siku matokeo yanapobandikwa: hizo ndizo siku watu huanguka, mwelekezi asisubiri kuitwa.

Nikuonyeshe saa moja hiyo inavyoweza kuwa. Mdogo ana uoni hafifu, anasema ubaoni haoni. Msaidizi angesema "nitakuandikia". Mwelekezi anauliza, "Umemwambia nani?" Hakuna. Basi wanaketi, wanatunga maneno, mdogo ndiye anayeyasema kwa sauti: "Mwalimu, nina uoni hafifu. Siwezi kusoma ubaoni. Naomba nitumiwe slaidi kabla ya kipindi, na karatasi ya mtihani iwe na herufi za pointi 18." Maneno hayo matatu-manne ni magumu kuliko yanavyoonekana, maana kijana mwenyewe huanza na "samahani kwa usumbufu" na kumalizia na "lakini kama haiwezekani basi". Mwelekezi anamfutia mwanzo na mwisho. Wanarudia. Kisha wanaandika barua ileile kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara, wiki ya tatu ya muhula, si asubuhi ya mtihani kama mimi. Siku ya kwenda ofisini mwelekezi anasindikiza hadi mlangoni, na mlangoni anabaki nje.

Mambo ya simu na kompyuta nayo yamo humo. Asiyeona akiwa na kompyuta mpakato, aweke NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Kwenye simu nyingi za Android tayari ipo TalkBack, ya kazi hiyohiyo, ni kuiwasha tu. Lakini kuna mtego mmoja unaowatesa wengi, nao si wa programu. Kiongozi wa darasa anapiga picha ubao, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, darasa zima linashukuru. Simu ya asiyeona mara nyingi inasoma neno moja: "picha". Vilevile desa (noti zinazozungushwa na wanafunzi) lililoskaniwa steshenari, hata likiitwa PDF, kwa programu ya kusoma mara nyingi ni picha tupu. Mwelekezi anayejua hili atamfundisha mdogo wake kuomba faili lenyewe lililochapwa, au kumwomba mhadhiri alitume moja kwa moja. Asiyejua atamlaumu kwa uvivu wa kusoma.

Kwa wenye ualbino kuna jua. Tabora ya Septemba na Oktoba unaijua. Kofia pana, mikono mirefu, losheni, kuketi mbele lakini mbali na dirisha linalomulika, na kuomba kiti hicho hicho kwenye mtihani. Usalama wa kurudi usiku hosteli za mtaani nao mzungumze waziwazi, bila kutishana: nyumba gani, mwenye nyumba nani, bodaboda yupi anafahamika.

Sasa sehemu ambayo vyuo huwa havipendi kuisikia. Utaratibu wenu ukifanya kazi vizuri, kuna hatari chuo kikakunja mikono. Mkalimani hayupo? "Si mna waelekezi." Rampu haijajengwa? "Wenzake watambeba." Kataeni mapema, kwa adabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inazungumzia elimu ikiwemo ya juu na wajibu wa kumwekea mwanafunzi mazingira yanayomfaa. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Mkalimani wa Lugha ya Alama, muda wa ziada, karatasi ya mtihani inayosomeka, njia inayopitika: hivyo ni vya chuo. Kumsomea mtu vitabu au kumwandikia noti kila siku ni kazi, na kazi ilipwe, au darasa zima ligawane kwa zamu fupi yenye tarehe ya mwisho. Ukienda kwa mshauri wa wanafunzi nenda na karatasi moja yenye safu mbili, yetu na yenu, naye asome zote mbili mbele yako.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Pesa: mwelekezi asikopeshe wala asikope kwa mdogo wake, hata bumu likichelewa mwezi, nimeona urafiki mwingi ukifia kwenye elfu kumi. Mikutano iwe mahali pa wazi, na kila mmoja awe na ruhusa ya kubadilishiwa mwenzake bila kueleza sababu; msichana asiulizwe kwa nini. Siri za mtu zibaki siri, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, na hilo lisemwe siku ya kwanza. Umesema "tunaofahamika tuko saba". Neno hilo nimelipenda, maana hakika hamko saba. Kuna mwenye kifafa aliyenyamaza, kuna asiyesikia sikio moja anayejifanya ameelewa, kuna aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Usiombe ofisi ikupe orodha yao. Iombe ofisi iwape wao namba yako.

Na usije ukapima kazi yenu kwa idadi ya vikao. Mwisho wa muhula muulize kila mdogo: mara ngapi umekwenda ofisi ya mhadhiri mwenyewe?

Tumalizie na huyo asiyetoka chumbani. Sidhani ni mvivu wala mpweke wa asili. Nadhani ana njia moja tu kichwani, ya darasani, na kila njia nyingine ni shimo. Usimpelekee kundi la kumtembelea na soda. Mtafutie mtu mmoja asiyeona, mtu mzima, mwalimu au yeyote wa mjini anayetembea kwa fimbo. Mwombe amtumie ujumbe wa sauti kwanza, mfupi, wa kawaida: jina lake, kazi yake, na kwamba Jumamosi saa tatu atapita hapo chuoni. Siku hiyo nyinyi wengine msiwepo. Waanze na njia ya kantini, kwa sababu njaa ni ya kila siku na chai ya huko itampa sababu ya kuirudia kesho yake. Akipotea, mwache apotee kidogo. Wewe kaa mbali na magongo yako, umnunulie chai akifika.